Sweta Lisilo na Mikono

Haya, wa mbele kaeni chini ili wa nyuma nao waone, na anayetafuna amalize kutafuna. Leo nawaletea kesi. Mimi kazi yangu ni kusimulia tu, hukumu ni yenu.

Palikuwa na kambi ya kanisa kwenye miteremko ya Rungwe, huko ambako mvua haipigi hodi. Kila likizo ya Pasaka watoto walikusanyika hapo kusali, kuimba, kucheza na kula maharage. Mlezi wao alikuwa Mama Sekela, mjane aliyezaa wawili na kuitwa mama na mamia. Alikuwa na kanuni tatu, akizirudia kila asubuhi baada ya sala. Mchana, saa ya mapumziko, hakuna kufungua mdomo mpaka kengele ilie. Hakuna kuvuka uzio bila mtu mzima. Na aliye zamu ya jikoni haachi chungu chake.

"Kanuni si fimbo," alizoea kuwaambia. "Ninyi ni wengi na mimi ni mmoja. Hizo ndizo zinazowashika pale nisipofika."

Tena alikuwa na desturi yake. Siku ya kwanza ya kambi alianza kufuma sweta jekundu mbele ya watoto wote. Alifuma mgongo, kifua na shingo, mikono akaiacha. Kambi ilipokaribia kufungwa, mtoto ambaye hakuvunja kanuni hata moja aliitwa mbele, akanyoosha mkono, Mama akampima kwa uzi. Asubuhi ya kuondoka sweta lilikuwa tayari. Baridi ya Rungwe ni kali, lakini watoto hawakulitamani kwa baridi tu. Ukirudi kijijini umevaa jekundu la Mama Sekela, hata bibi yako anakuangalia upya.

Mwaka huo walibaki watatu wasio na doa. Wa kwanza ni Tusajigwe, binti mwenye masikio. Huyo alisikia papai likianguka shamba la jirani. Wa pili ni Gwakisa, mvulana mwenye miguu, ambaye ukimtuma chumvi unamwona amerudi kabla hujajuta kwamba hukumtuma na sukari. Wa tatu ni Anyosisye, binti mwenye ulimi. Aliweza kumsemesha kuku mgeni mpaka akaingia bandani mwenyewe.

Alikuwapo pia Lusubilo, mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa hajawahi kulala mbali na mama yake. Mchana wa mwisho wa kambi, ukungu umetanda na mvua inanyesha huko juu mlimani, alitoroka dirishani saa ya mapumziko, akapenya uzio na kuelekea mtoni, akidhani njia ya kwao inapita hapo. Alipofika kwenye jiwe la katikati, maji yakaanza kupanda. Akakwama.

Bwenini wote walikuwa wamelala kimya, wasichana upande huu, wavulana upande ule. Mama Sekela alikaa mlangoni akimalizia shingo ya sweta. Tusajigwe akasikia kilio chembamba kikipenya mvumo wa mvua. Alijua mdomo wake utamgharimu nini, na bado akasema, "Mama, Lusubilo analia mtoni."

Mama hakuinua macho. Aliweka kidole mdomoni.

Tusajigwe akasimama. "Mama, analia mtoni."

Gwakisa hakungoja mara ya pili. Kidole cha Mama kilikuwa bado mdomoni wakati yeye anatoka dirishani. Uzio aliuona, na kanuni aliikumbuka vizuri, maana ndiyo iliyomtesa kuliko zote. Akauruka. Alipofika alishika mzizi kwa mkono mmoja na kunyoosha mwingine, lakini Lusubilo alikuwa ameganda kwa hofu, akalikumbatia jiwe na kufumba macho. Gwakisa akaita msaada.

Jikoni palikuwa karibu na mto, na Anyosisye ndiye aliyekuwa zamu. Maharage ya kambi nzima yalikuwa motoni. Aliutazama moto, akautazama mwiko, akauweka chini. Pale ukingoni hakupiga kelele. Alimuuliza Lusubilo, kama wanaopita njia moja kutoka kisimani, "Mama yako leo anapika nini?"

"Ndizi," akajibu mtoto, macho bado amefumba.

"Na maziwa ya mgando?"

"Kidogo."

"Atakubakizia. Fumbua macho, mpe Gwakisa mkono, twende tukale zetu."

Lusubilo akafumbua macho, akatoa mkono, na Gwakisa akamvuta. Mama Sekela alifika akihema, sweta bado liko mkononi. Alimvua mtoto nguo zilizolowa, akamvika hilo jekundu, akamkumbatia na kulia waziwazi.

Jioni kambi nzima ilikula maharage yaliyoungua, na kesi ikasikilizwa hapohapo mezani. Wasichana walisema bila sikio, miguu ingekimbilia wapi? Wavulana walisema bila miguu, sikio lingesikia mpaka kilio kikome. Wa jikoni wakasema bila ulimi, Gwakisa angekuwa anavuta jiwe mpaka sasa. Mmoja akashauri sweta likatwe vipande vitatu. Mama akamjibu kwamba Sulemani mwenyewe aliagiza upanga, lakini hakukata.

Kisha mtoto mmoja akasema polepole, "Lakini Mama, kwa kanuni zetu, wote watatu wamevunja."

Hapo ndipo Mama Sekela aliposhikwa. Akiwanyima, mwakani mtoto atalia mtoni na wenzake watangoja kengele. Akimpa mmoja wao, mwakani nusu ya kambi itaruka uzio na kusema imesikia kilio. Na kile kidole alichokiweka mdomoni kilikuwa kinamuuma kana kwamba kimeungua.

Akawaita wale watatu. Tusajigwe akasema yeye alisikia tu, na kusikia si kazi. Gwakisa akasema peke yake angekimbilia upande wa barabarani. Anyosisye akasema mtu aliyewaunguzia wenzake chakula hapewi zawadi.

Lusubilo naye akaja, amevaa sweta linalomfika magotini, mikono yake miembamba iko nje. "Mama, lina joto," akasema. "Lakini si langu. Ni la nani?"

Mama Sekela alisimama na uzi wa kupimia. Mbele yake watoto watatu walikuwa wamejipanga, na kila mmoja alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo ili apimwe mwenzake.

Hapo ndipo nilipowaacha. Kesho asubuhi magari yanakuja, na sweta bado halina mikono. Je, wewe uliyekaa hapo, ungempima nani?