Gogo Alilolikalia Nakijwa

Gogo lililolala bado lanyonyesha. Mmesikia bibi yenu akimjibu hivyo yule bwana wa mradi, mkacheka, na sasa mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huku Upareni, juu ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, palikuwa na msitu wa miti ya podo, mikongwe. Ukungu ulinasa kwenye majani yake, ukadondoka kutwa, ndiva ikajaa. Siku moja mkuu wa kijiji, Senkondo, akapigisha baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima: kila mtu apande akatoe magogo yaliyoanguka, yachomwe. Mtemi alikuwa anakuja, na Senkondo aliona haya kwa uchafu wa msitu. Eti uchafu.

Nakijwa shamba lake lilikuwa la mwisho mferejini. Maji yakipungua, yeye ndiye wa kwanza kukaukiwa. Alikwisha sema mpaka akachoka: chini ni unyevu mtupu, mbegu zinaoza, miche ya podo inaota juu ya magogo. Nani alisikia? Walivuta, wakachoma. Likabaki gogo moja, naye akalikalia.

“Shuka, mama,” Senkondo alisema. “Hilo lilikufa kabla hujaolewa.”

“Limekufa na linalea. Wewe u mzima, unalea nini zaidi ya tumbo?”

Watu wakaangua kicheko. Senkondo akamtoza mbuzi kwa kukaidi msaragambo. Nakijwa akamtoa mbuzi, asiinuke.

Miaka ikapita. Podo kuukuu zikaanguka moja moja, mahali pake pakaota magugu. Ukungu ukawa unapita tu. Ndiva ikapasuka nyufa. Senkondo, sasa na mkongojo, akapanda kutafuta maji, akayakuta mahali pamoja tu: podo changa zimesimama mstari mmoja, mizizi imelikumbatia gogo lililooza, zinadondosha matone. Nakijwa alikuwa hapo, anajaza kibuyu.

“Mama, tufanyeje?”

“Kwanza niambie, mbuzi wangu alikuwa mtamu?”

Senkondo akalaza mkongojo, akaketi.

“Mti ukianguka, uacheni. Ni kuacha tu, Senkondo. Hata hilo ni kazi ngumu? Gogo lililolala bado lanyonyesha.”

Ndiva mnayoiona ilirudi kwa magogo yaliyoachwa. Leo bwana wa mradi anataka msitu usafishwe, na kesho baragumu litalia. Pandeni pamoja na wengine. Mkifika, kaeni juu ya gogo, na bwana huyo akiuliza, mwambieni: gogo lililolala bado lanyonyesha.