Aliyeita Mara Moja

Sogeeni karibu, ila mlango msiufunge. Hadithi hii ina mtu mmoja wa ziada, nami sijui atapenda kukaa wapi.

Huko Ndolwe, kijiji kilicho juu kabisa milimani, ukimwita mtu unamwita mara mbili. "Mbonea!" Unanyamaza kidogo. "Mbonea!" Ndipo anaitika: naam akiwa mwanamume, abee akiwa mwanamke. Akiitwa mara moja tu haitiki, hata kama sauti ni ya mama yake mzazi. Watoto hufundishwa hivyo kabla hawajafundishwa a, e, i, o, u. Sababu ni ukungu. Wanasema ukungu wa Ndolwe nao huita watu kwa majina yao, lakini pumzi yake ni ya mara moja. Anayeuitikia huufuata bondeni.

Basi palikuwa na vijana watatu. Wote walimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, wote walifaulu, na wote walitaka kusomea uuguzi.

Naetwe alikuwa na masikio. Kengele ya shule yao ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Ikigongwa, Naetwe akiwa shambani alijua ni mtoto gani ameigonga, na kama mtoto huyo amekunywa chai.

Mbonea alikuwa na miguu. Shirika la msaada lilipojenga madarasa mawili na chumba cha zahanati, gari liliishia kwenye daraja la magogo, mwendo wa saa tatu kutoka kijijini. Mabati, saruji na kitanda cha kujifungulia vilipanda kwa migongo ya watu, na mgongo uliopanda mara nyingi kuliko yote ulikuwa wake. Kila safari alihesabu hatua, hivyo hata akifumba macho alijua yuko wapi.

Eliwaza alikuwa na mikono. Shirika lilileta vitambaa, yeye akashona sare za shule. Alitunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, na vidole vyake havikutetemeka hata siku walipomzika baba yake.

Chumba cha zahanati kilipakwa rangi, nyeupe juu, bluu chini, kisha kikafungwa kwa kufuli kwa sababu muuguzi hakupatikana. Kitanda kilikaa miaka miwili kikiwa bado na nailoni yake. Kufuli lilifunguliwa mara moja tu kwa mwezi, siku ya Alhamisi, nesi wa shirika alipokuja na kliniki ya mkoba kupima watoto na wajawazito. Mwezi ninaousimulia alikuwa anakuja nesi mpya aitwaye Zamda, ambaye hakuna mtu wa Ndolwe aliyewahi kumwona.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Nakiete, waliyesoma naye darasa moja, alijifungua kwenye kitanda kile, maana kufuli lilikuwa limeshafunguliwa kumngoja nesi. Mtoto alilia vizuri. Kondo la nyuma likatoka. Damu haikukoma.

Bibi Nambua, mkunga wa kijiji, alibadilisha khanga ya tatu, akauliza, "Nesi amefika wapi?"

"Bado, Bibi."

"Na ukungu?"

Ilikuwa saa sita mchana, na ukungu ulikuwa umeshafika kizingitini, mweupe, hauna upepo. Kuku walikuwa wamekwisha kupanda kulala.

Naetwe alikuwa amesimama uani na wanawake wengine. Sauti ya mwanamke ikatoka upande wa bonde: "Naetwe!"

Wote waliisikia. Mama yake akamshika mkono. "Ngoja ya pili."

Akangoja. Akahesabu hadi sitini. Ya pili haikuja. Lakini nyuma yake, ndani ya zahanati, alisikia kitu ambacho wengine hawakukisikia: meno ya Nakiete yakigongana, polepole, kisha polepole zaidi.

"Mama, hiyo ni sauti ya mtu aliyechoka."

"Ndio ujanja wake huo. Usithubutu!"

Naetwe akajaza kifua. "Abeee!"

Mama yake alimziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Naetwe akanyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka, na hakuushusha.

Mbonea, aliyekuwa pembeni ya ua, akaufuata mkono ule kama mtu anayefuata kamba. Aliteremka akihesabu, kwa maana hakuona hata magoti yake. Hatua ya mia nne na kumi na mbili njia ikampotea, akasimama. Akasikia ya mia nne na kumi na tatu. Nayataja haya kwa hesabu kamili kwa sababu hesabu ndiyo iliyomtisha: hatua ile haikuwa yake. Ilikanyaga majani mabichi upande wa kushoto, mahali pasipo na njia. Aliponyamaza, nayo ilinyamaza. Alipoinua mguu, ikatangulia. Akaifuata hatua thelathini na moja hadi chini ya jabali, na hapo akamkuta mwanamke amelala ubavu, mdomo umejaa udongo, mkono wa kulia umepinda pasipo na kiungo, kisanduku cha baridi cha dawa kimefungwa kifuani. Akamfunga mgongoni kwa khanga, kama mtoto, akapanda naye. Bega lake la kushoto liliteguka njiani. Hakumweka chini.

Eliwaza alikuwa hajawahi kushika bomba la sindano. Nesi Zamda alilazwa mkekani kando ya kitanda. Alikuwa amezinduka, lakini mkono mmoja umevunjika na wa pili hauwezi hata kufunga vidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani hapa hatetemeki?" Watu wakamtazama Eliwaza. "Haya, dada. Kichupa kidogo cha kioo. Vunja shingo yake. Vuta dawa yote, toa hewa. Pajani, sindano iingie wima. Na wewe Bibi, kanda tumbo, usiache."

Eliwaza akavunja shingo ya kichupa, na wakati huohuo ukungu ukaingia dirishani ukajaa chumba kizima, hata asione mikono yake mwenyewe. Akafanya kwa kupapasa. Vidole vya mtu vikamshikia kichupa, vya baridi, vimetulia kama vyake. "Asante, Bibi," akanong'ona. Akavuta dawa. Akatoa hewa. Sindano ikaingia. Ukungu ulipopungua, alimwona Bibi Nambua upande wa pili wa kitanda, mikono yake yote miwili juu ya tumbo la Nakiete. Haikuwa imeondoka hapo hata mara moja.

Baada ya robo saa damu ikapungua. Saa nane ikakoma. Nakiete akaomba uji.

Wiki tatu zikapita. Nesi Zamda akapanda tena Ndolwe, mkono ukiwa bado kwenye hogo la plasta, akileta barua ya shirika. Barua ilisema kuna nafasi moja katika chuo cha uuguzi, miaka mitatu, ada, malazi na chakula juu ya shirika. Apewe kijana aliyemwokoa mama yule, na akihitimu arudi Ndolwe kufungua kufuli la zahanati moja kwa moja. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina.

Kijiji kikakusanyika darasani. Mwenyekiti, Mzee Mrutu, akaikunjua fomu juu ya dawati.

"Dawa ilifikaje hapa kama si mgongo wangu?" Mbonea akaanza. "Bega hili mpaka leo halinyanyui jembe."

"Hata punda anabeba," akasema Eliwaza. "Nani amewahi kumpeleka punda chuo?"

Darasa likacheka.

"Na cherehani je?" akajibu Mbonea. "Inachoma pale tu inapoelekezwa."

Wakacheka zaidi. Naetwe hakucheka. "Nyote mlikuwa mmekaa, mnangoja ya pili. Nimeitika mimi. Tangu siku ile hakuna anayethubutu kunitaja jina. Wananipigia makofi kama wanafukuza kuku. Hata mama."

Mama yake akainamisha kichwa.

Naetwe akamgeukia nesi. "Dada Zamda, waambie ulivyoniita."

Zamda akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, mimi sikukuita. Nilianguka, nikazima. Nilikuja kujijua niko mgongoni kwa kaka huyu. Na jina lako nimelijua leo."

Nje, rimu ya kengele iligusana na tawi. Ndipo Mbonea, bila kuulizwa, akasimulia hatua ya mia nne na kumi na tatu. Na Eliwaza akasimulia vidole.

"Vilikuwa vingapi?" akauliza Bibi Nambua.

"Nini, Bibi?"

"Vidole. Vilikuwa vingapi?"

Eliwaza akafumba macho, akavipapasa tena hewani. "Vinne."

Bibi akakaa chini sakafuni. "Aikande," akasema.

Aikande alikuwa mama yake Nakiete. Kidole chake kimoja kilikatwa na panga akiwa msichana. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku alipomzaa Nakiete, damu haikukoma. Wanaume wanne wakambeba kwa machela kwenda hospitali, Bibi Nambua akifuata nyuma. Ukungu uliwakuta kwenye jabali lilelile. Wakamweka chini, wakatawanyika kuitafuta njia. Walipompata tena alikuwa amekwisha kupoa.

"Aliniita," akasema Bibi Nambua. "Mimi, kwa jina langu, mara moja. Nikangoja ya pili, ndivyo tulivyofundishwa. Nimeingoja miaka kumi na tisa. Wala hakuwa ukungu. Alikuwa mtu asiye na pumzi ya mara ya pili."

Nakiete akasimama nyuma ya darasa, mtoto begani. "Kama mama ndiye aliyeita, akatangulia, akashika kichupa, basi katika kazi ya kila mmoja wenu yeye ana nusu. Na fungu la marehemu huenda kwa mtoto wake. Mimi ndiye mtoto wake. Nami nilifaulu kama ninyi."

"Yaani uokolewe wewe, na zawadi uchukue wewe?" akasema Mbonea. Alitaka iwe utani, lakini hakuna aliyecheka.

"Samahanini, wazee wangu," akasema Zamda. "Fomu hii lazima niondoke nayo leo. Nikishuka bila jina, nafasi inakwenda mlima mwingine."

Mzee Mrutu akafungua kalamu. Nje ilikuwa saa sita mchana. Kuku wakaanza kupanda kulala.

Sauti ya mwanamke ikaita jina. Mara moja.

Naetwe anasema lilikuwa la Mbonea. Mbonea anaapa lilikuwa la Eliwaza. Eliwaza anasema la Naetwe, na hapo masikio ya Naetwe hayana msaada. Nakiete anasema lilikuwa jina ambalo hajawahi kulisikia, ila mtoto wake, ambaye walikuwa bado hawajampa jina, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Kalamu iko juu ya mstari, wasikilizaji wangu, na mstari ni mmoja. Yuko aliyeitika, yuko aliyebeba, yuko aliyechoma sindano, na yuko mtoto wa yule aliyeita. Wewe ungemwambia Mzee Mrutu aandike jina la nani?

Sema, maana nesi anangoja. Na ukisha kusema, tulia kidogo. Mlango tumeuacha wazi. Ukiitwa sasa hivi, mara moja tu, utaitika, au utangoja ya pili?