Pedeli ya Kushoto

Sogeeni, wanangu. Wewe wa mlangoni, ingia ndani, benchi la mbele haling'ati mtu. Mwenye mtoto amnyonyeshe atulie. Wa kunong'ona wanong'one sasa wamalize, maana mfano wangu ni mfupi na sitaurudia.

Kulikuwa na mama mmoja, mpiga kinanda wa kanisa. Kisukari kilimla mguu wa kulia hadi ukakatwa juu ya goti. Watu wakasema, "Basi, na kinanda kimekatwa hapo hapo." Mnazijua zile pedeli tatu zilizo chini ya kinanda cha umeme? Ya kulia ndiyo inayoshika sauti. Ukiikanyaga, sauti inabaki hewani hata kidole kikiondoka. Ya kushoto inafifisha tu. Sasa huyu mama angekanyaga na nini?

Alikuwa na binti aliyeolewa mbali. Binti akaja kumwuguza, akakaa na kile kinanda, akabonyeza vitufe vyake, akaipa pedeli ya kushoto kazi ya ile ya kulia. Kinanda kikaukumbuka mpango huo, hata kikizimwa na kuwashwa tena. "Haya mama, kanyaga." Mama akakanyaga. Waliokuja kumwonea huruma wakajikuta wanaimba.

Miaka ikapita. Ikatangazwa kwamba askofu anakuja. Kwaya ya jirani ikaja kufanya mazoezi, na mpigaji wao akalalamika: "Kinanda chenu kibovu, pedeli zimegeuzwa." Mzee wa kanisa, msimamizi wa mali, akaona aibu. Akaita fundi.

Fundi akauliza, "Mzee, hizi zimepangwa makusudi. Hakuna anayezitumia hivi?"

"Wewe zirudishe zilivyotoka dukani. Mwenye kinanda ni kanisa."

Alikusudia kumwambia yule mama. Nasema kweli, alikusudia. Lakini kulikuwa na turubai la kufunga, na mchele wa kuchambua, na mbuzi wa askofu aliyekata kamba akatoroka. Neno likasahaulika.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa hadi madirishani. Wimbo wa Meza ya Bwana ukaanza, mama akashusha mguu wake wa kushoto, na sauti haikushika. Ikawa inakatika, inakatika, kama kuku anayedonoa bati. Kwaya ikapotea. Mama akakanyaga tena, akakandamiza hadi jasho likamtiririka, sauti ikazidi kufifia. Nyuma akasikika mmoja: "Leo bibi anapigia gongo lake la kutembelea." Wakacheka, ndani ya nyumba ya Bwana.

Ibada ilipokwisha alimwita mzee wa kanisa, aliyekuwa amesimama karibu na askofu.

"Baba, kuna mtu aligusa kinanda?"

Wanangu, hapo ndipo pa kusikiliza. Jibu lilikuwa neno moja. Askofu yuko pale, na kanzu yake nyeupe. Mzee akamtazama askofu, akamtazama mama, akasema, "Nani akiguse, mama?"

"Basi ni mguu," mama akasema. "Wa pili nao umekufa. Nakanyaga, wala sijui kama nimefika chini."

Mzee akamshika bega. "Tutakuombea."

Mnajua daktari alikuwa amemwambia nini? Kwamba siku mguu huo ukianza kufa ganzi, akimbie hospitali. Akakimbia? Alikwenda nyumbani, akajifungia. Jirani akambembeleza, akamjibu, "Niende wakanikate na huu? Halafu niletwe kanisani kwa toroli, kama gunia la mkaa?" Dawa akaziacha. Binti akipiga simu anaambiwa, "Mimi mzima, tunza watoto." Chakula akawa anaonja tu.

Na mzee alikwenda kumtazama. Alikwenda mara nyingi. Alipeleka ndizi, akakaa kitandani pake, akasoma Zaburi, akaomba kwa machozi ya kweli. Kila akitoka anajiambia, kesho nitamwambia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na usemi wake: neno lililopitiliza siku yake ni yai viza, kadiri unavyolikalia ndivyo litakavyonuka likipasuka. Mama yule akafa kabla ya hiyo kesho.

Siku ya mazishi hapakuwa na wa kupiga. Binti akasema, "Nitampigia mwenyewe." Akakaa, akashusha mguu wa kushoto kama alivyompangia mama yake. Sauti ikafifia. Akajaribu ya kulia. Sauti ikashika, ikajaa kanisa zima. Akageuka polepole, jeneza liko mbele yake.

"Nani alizirudisha?"

Akauliza tena, kwa sauti ya chini: "Mama alijua?"

Wala hapo mzee hakusema. Fundi ndiye aliyesimama, kule nyuma, akiwa na kofia mkononi, akasema nani alimtuma.

Sasa mzee yule alifanya dhambi gani? Kutengeneza kinanda? Hapana. Kusahau? Nani hapa hasahau? Aliulizwa na mtu anayezama, naye kamba ilikuwa mkononi mwake, akaificha nyuma ya mgongo ili aibu yake isionekane. Na sisi je? Tunamwona mwenzetu anajilaumu kwa kosa tulilolifanya sisi, tunampelekea ndizi. Tunamfungia maombi. Tunalia naye, na machozi ni ya kweli, ila tumefunga mdomo. Msinitazame mimi. Kuna mtu leo yuko kitandani anaamini amelaaniwa, na mmoja wetu humu ndani ana lile neno moja. Usingoje ibada iishe. Toka sasa hivi. Hatutakuuliza unakwenda wapi.

Mnataka kujua mali ya yule mama iligawanywaje. Nyumba na cherehani alirithi binti. Kitenge cha harusi alipewa jirani. Magongo yalikwenda zahanati. Kikabaki kiatu cha kushoto, soli imelika mbele, pale alipokuwa akikanyagia. Nani arithi kiatu kimoja? Mzee wa kanisa akakiomba. Binti akakitia kwenye mfuko, akampa, hakumwambia neno.