Gari Huchaguliwa na Mlima

"Gari huchaguliwa na mlima." Mama yenu kaisema akipita na sufuria, nyinyi mkacheka, mkadhani ni maneno ya mafundi wa gereji. Sasa mnanigeukia mimi eti imetoka wapi. Haya, wekeni chini hiyo simu yenye mapicha ya magari ya kukodi, msogee kwenye jiko, maana baridi hii ya Makambako nayo haina adabu. Methali hii hamtaipata kwa wahenga. Ilitoka kwetu, kwenye ukoo huu huu, na ilizaliwa hivi.

Baba yangu, Mzee Lutengano, aliugua kule Lukandu, juu kabisa ya mlima Nyamwela. Ilikuwa mwezi wa saba. Nyinyi baridi mnayoijua ni ya kutafuta sweta. Kule asubuhi unakuta majani ya viazi meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, na ndoo ya maji unaigonga kwanza ivunjike juu ndipo unawe uso. Mzee wa miaka themanini na kitu, kifua kimembana, katika baridi ile. Hata asiye daktari alijua.

Ujumbe ulikuja na dereva wa lori la mbao. Alisimama mlangoni kwa kaka yetu mkubwa, Obadia, akasema kama alivyotumwa: "Mzee anasema watoto wake wote waje. Na Atuganile asikose."

Hapo kwenye jina ndipo mambo yalipoharibika.

Atuganile alikuwa kitinda mimba wetu. Miaka tisa kabla ya hapo alikuwa ameondoka nyumbani akaolewa na fundi baiskeli ambaye baba hakumtaka. Mzee alikasirika, akasimama uani mbele ya watu akasema: "Siku nikizikwa, Atuganile asilikanyage kaburi langu." Sasa kwetu sisi, neno la mzazi halifutwi na mchungaji, halifutwi na jirani, wala halifutwi kwa kukaa muda mrefu. Linafutwa na mdomo ule ule uliolitoa. Mdomo ukifungwa kabla, basi, neno limebaki. Kwa hiyo binti yule alipousikia ujumbe alikaa chini pale pale kwenye ngazi akalia, akasema, "Baba anataka kunifutia."

Sisi wengine hatukusikia hivyo. Sisi tulisikia shamba la miti.

Msinitazame hivyo. Baba alikuwa na shamba la paini, miti imesimama kama askari, na hakuwahi kusema ni ya nani. Obadia alituita wote sebuleni kwake akasema, "Miaka tisa tunapanda kule na sukari na mablanketi, hatutajwi. Yeye aliyekimbia ndiye anatajwa?" Mimi nikasema, tena kwa sauti, "Atakayefika wa kwanza ndiye atakayesikia peke yake. Halafu atatuambia anachotaka yeye." Watu wakaitikia. Ikapitishwa kwamba tutakwenda gari moja, tutashuka pamoja, tutaingia pamoja, na mzee atasema mbele yetu sote. Wakasema na shangazi wawe mashahidi. Na wajomba. Na mashemeji, wasije wakasema wametengwa. Tukahesabiana tukafika arobaini na mmoja. Mmoja kati yao mpaka leo sijui alikuwa nani, ila alikuwa anaimba vizuri.

Tukaenda kukodi gari kwa Mzee Nyagawa. Yeye alikuwa na uwanja wa magari hapa Makambako karibu na stendi, mtu mnene, mpole, haongei mpaka akupime kwa macho kwanza. Akatuuliza, "Mnakwenda wapi?"

"Lukandu," Obadia akasema.

"Mwezi huu?"

"Mzee wetu anaumwa."

Nyagawa akatupeleka pembeni akatuonyesha Lendirova mbili fupi, zina matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa ya kung'ata tope, na minyororo ya kufunga kwenye magurudumu imelala nyuma. "Hizi ndizo zinazopanda Nyamwela," akasema. "Chagueni watu kumi na sita walio wa lazima, muondoke sasa hivi. Jioni mtakuwa mmeshika mkono wa mzee wenu."

Obadia akanitazama, nami nikamtazama. Magari mawili! Na la mbele je, nani awe ndani yake? Nikamwonyesha Nyagawa basi lililokuwa limesimama kule nyuma, la watu sitini, refu kama kanisa, limeandikwa TARATIBU kwenye kioo. Nikamwambia, "Sisi tunataka lile."

"Lile la harusi?"

"Lile. Tunaenea wote."

Nyagawa akacheka kidogo, kisha akaona hatucheki. "Wanangu, lile basi mimi nalipenda, lakini mlima haulipendi. Manyunyu ya kipupwe yakishuka kule, udongo unakuwa sabuni. Nauliza tena, mnachagua gari kwa ajili ya njia au kwa ajili ya nini?"

Obadia akamjibu, "Kwa ajili ya amani ya familia." Mtu akishasema hivyo mbele ya watu, nani atabisha? Tukachukua TARATIBU, na dereva wake, kijana mmoja anaitwa Chaula, mpole, aliyevaa makoti mawili.

Mpaka Njombe tulikuwa tunaimba. Baada ya hapo ukungu ukaanza. Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo mtupu, na manyunyu yalikuwa yale yasiyonyesha wala yasiyokauka. Tulipofika chini ya Nyamwela ilikuwa saa nane mchana lakini taa zimewashwa. Chaula akasimamisha, akashuka, akaikanyaga njia kwa kisigino, akarudi. "Wakubwa," akasema, "nikisema tugeuze mtanipiga?"

"Tutakupiga," shangazi yangu akamjibu kutoka siti ya nyuma. Watu wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia katika safari ile.

Tulipanda kona ya kwanza, ya pili tukaipanda kwa kuomba. Ya tatu basi lilinguruma, magurudumu yakazunguka pale pale, halafu makalio yake yakaanza kuteleza kuelekea korongoni. Wanawake wakapiga kelele. Likagota kwenye kichuguu cha udongo, likakaa limeinama, limeziba njia nusu. Tukashuka wanaume tukasukuma. Ukisukuma basi la watu sitini kwenye sabuni unajisukuma mwenyewe kurudi nyuma. Tulikata majani, tukaweka mawe, tukavua makoti tukayatandaza chini ya magurudumu. Saa kumi tulikuwa tumesogea hatua nne, na vidole hatuvisikii tena. Tukarudi ndani kujikunyata. Kila mtu alikuwa anatoa moshi mdomoni.

Hapo ndipo ikaja Lendirova ya hospitali moja ya misheni ya kule juu, inapeleka dawa, minyororo inalia kwenye magurudumu. Ikapenya ile nafasi iliyobaki kama paka. Dereva akasimama mbele yetu, akashusha kioo.

"Poleni. Mnakwenda wapi?"

"Lukandu, kwa Mzee Lutengano," Chaula akamwambia.

Uso wa yule dereva ukabadilika. "Nimetoka kule asubuhi. Mzee ana hali mbaya sana. Kila mlango ukilia anauliza kama ni binti yake." Akatazama maboksi yake. "Nina nafasi ya mtu mmoja, tena amepakata boksi. Aje mwenye haraka zaidi."

Wote tulijua ni nani. Arobaini na mmoja tulijua, hata yule muimbaji. Atuganile alikuwa ameshasimama, kitenge amejifunga kichwani, anapita kati ya siti. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikanyoosha mkono, nikaushika mlango.

"Kaka, nipishe," akasema.

"Tulikubaliana," nikamwambia.

"Umemsikia huyu baba anavyosema. Nipishe, kaka."

"Tutakwenda wote. Hakuna anayetangulia."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma. "Mimi shamba silitaki. Nasema mbele ya wote hawa, Mungu anasikia, hata mti mmoja sitaki. Nataka neno moja tu. Akishalisema, mengine yote gawaneni nyinyi."

"Akilisema mbele yetu wote litakuwa na uzito zaidi," nikamjibu. Nilijiona nimeongea kama hakimu.

Akamgeukia Obadia. "Kaka mkubwa!"

Obadia alikuwa anatazama dirishani, na dirisha lilikuwa ukungu mtupu. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni mtoto aende." Mwingine akamrukia, "Aende yeye kama nani?" Wakaanza kubishana, wajomba wakaingia, mashemeji wakaingia, kila mmoja ana sababu ya kwa nini ama aende yeye ama asiende mtu. Yule dereva wa hospitali alingoja. Alingoja sana kuliko tulivyostahili. Mwisho akasema, "Jamani, dawa hizi zina wenyewe," akapandisha kioo, minyororo ikalia, akapotea kwenye ukungu. Atuganile alirudi kwenye siti yake akajifunika uso.

Tulivutwa asubuhi yake na trekta ya watu wa mbao, tukaingia Lukandu saa nne. Tulishuka pamoja kama tulivyopanga. Tuliingia uani pamoja. Na wote pamoja tukaona benchi zimetolewa nje.

Aliyekuwa amekaa na mzee usiku ule ni jirani, Mama Ndelwa, bibi mfupi mwenye shuka jeusi. Alitupokea bila kutushika mikono. Akasema, "Amekata roho jua linachomoza. Usiku kucha alikuwa na akili yake."

Obadia akauliza, "Ameacha neno?"

"Alikuwa nalo. Alisema ni la Atuganile. Nikamwambia, nipe mimi nitamfikishia. Akakataa. Akasema, 'Hili halitumwi, nilitoa kwa mdomo wangu nitaondoa kwa mdomo wangu. Atakuja.' Ile gari ya dawa ilipofika akanyanyua kichwa." Mama Ndelwa akakaza shuka lake. "Nyinyi mmekuja na gari gani?"

Basi lenyewe lilikuwa limesimama nyuma yetu, refu, limejaa tope mpaka kwenye madirisha. Alilitazama kuanzia mbele mpaka nyuma, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Mlima huu, mwezi huu, hilo? Nani kawachagulia?"

"Tulichagua sisi," nikasema. "Ili tufike wote."

"Gari huchaguliwa na mlima, baba," akasema. "Nyinyi mmemwachia wivu achague." Akaingia ndani kwa marehemu.

Tulimzika kesho yake. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe linaruka. Atuganile alisimama nje ya ua wa makaburi, kwenye majani yaliyoganda, peku. Nilimfuata. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ingia. Baba alishakusamehe, sote tumesikia."

Akaniuliza, "Nani kalifuta?"

Ukoo mzima ulikuwa umesimama pale na hakuna hata mmoja mwenye mdomo wa kulifuta.

Na lile shamba, kama mnataka kujua, baba alikuwa ameliandika kwa mkono wake miaka mitatu nyuma: tugawane sawa, watoto wote, na yeye Atuganile ndani. Karatasi ilikuwa kwenye Biblia yake.

Ndiyo hivyo. Mwezi ujao mnakwenda Lukandu kujengea makaburi, na bibi yenu Atuganile anakwenda nanyi. Mtakapofika, atabaki nje ya ua. Msimwite, msimvute mkono, wala msimwambie hayo ni mambo ya zamani. Mimi nimemwita miaka thelathini na moja. Na tangu saa ile nawasikia mnabishana kuhusu gari: hili dogo fulani atanuna, lile kubwa tutapendeza kwenye picha, huyu akikaa mbele yule atasema amedharauliwa. Nunianeni mkisharudi, muda mtakuwa nao. Sasa hivi ulizeni njia ikoje na nani anangojwa huko juu, kisha mpande kinachofika. Gari huchaguliwa na mlima.