Jua la Alasiri Usoni mwa Sheikh Maymun

Wametusimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mcha Mungu mmoja wa mji wa Susa, Sheikh Maymun bin Idhar, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kwa miaka arubaini aliomba dua moja tu, aione Al-Kaaba kabla ya kufa. Uzeeni akapata merikebu ya mahujaji iliyokuwa ikifuata pwani ya Bahari ya Rum kwenda mashariki hadi Iskandaria. Ilikwisha jaa. Nahodha Farhun alimpokea kwa sharti moja, awe imamu na mtazama kibla wa chomboni; akishindwa atashuka bandari ya kwanza, maana kila bandari ina watu wanaosubiri nafasi.

Msidhani ilikuwa safari ya raha kwa kuwa bahari ilikuwa shwari na mbingu nyeupe. Jua lenyewe ndilo lililowamaliza. Kufikia siku ya kumi na saba midomo ilikuwa imepasuka, maji ya kunywa yanagawiwa kwa kikombe, na watu wanatayamamu kwa mfuko wa udongo waliotoka nao kwao. Sheikh alichoka kuliko wote, kwani kabla ya kila swala alisimama juani akitazama jua na pwani, ndipo awapange watu safu.

Siku hiyo alisinzia baada ya adhuhuri. Akiwa usingizini upepo ukawa wa mbisho, ukiwapiga usoni, nahodha akageuza chombo kurudi nyuma kujificha kwenye rasi. Sheikh akaamshwa kwa alasiri, na kwa mara ya kwanza hakutazama kitu. Alielekea omo, mbele ya chombo, kama jana na juzi, akaswalisha rakaa mbili za msafiri katika kivuli cha tanga. Waliokuwa macho walikuwa wameiona merikebu ikigeuka, lakini kila mmoja alijiambia kwamba Sheikh anajua.

Alipotoa salamu, tanga likasogea na jua likampiga usoni. Kwa anayeelekea mashariki, iliko kibla, jua la alasiri huwa mgongoni. Akaelewa alichokifanya, na akaelewa pia kwamba hakuna mwingine aliyetambua. Akikaa kimya, ataiona Al-Kaaba. Mimi, ndugu zangu, sijui ningefanya nini.

Yeye aliinuka, akawaambia kwamba amewaswalisha kinyume cha kibla kwa uzembe wake, na swala irudiwe. Watu wakanung'unika. Ziri, mshona matandiko ya ngamia, mtu mwenye kifua kipana na maneno mengi, alikuwa amekwisha jilaza.

"Sheikh wangu, tumechoka," akasema. "Mungu hajui tulivyochoka?"

"Anajua, ndugu yangu. Na ningenyamaza, hilo nalo angelijua."

Wakainuka wakarudia. Lakini sharti likabaki kuwa sharti, na kesho yake, walipotia nanga Trablus, Sheikh akashushwa. Hakugombana na mtu. Aliwaachia mfuko wake wa udongo, kwani alisema nchi kavu udongo haukosekani, akaenda zake polepole.

Adhuhuri ilipoingia, safu ikapangwa na mahali pa imamu pakabaki patupu. Nahodha akamwashiria huyu, akamwashiria yule, kila mtu akatazama chini. Mwisho wakamsukuma Ziri mbele, naye akarudi nyuma.

"Mimi nikikosea nitanyamaza," akasema. "Najijua."

Nahodha Farhun akaamuru nanga isiguswe. Ziri akashuka mbio. Alimkuta Sheikh amelala kando ya ukuta wa bandari, viatu vyake chini ya kichwa, uso umeungua kwa jua. Hakuwa na moyo wa kumwamsha. Akambeba mgongoni hadi merikebuni, akamlaza kivulini, wote wakamngoja.

Alipofumbua macho hakuuliza nani kamleta. Aliuliza omo imeelekea wapi.

Mola atujaalie maimamu wa namna hiyo, na atusamehe sisi tunaoona chombo kikigeuka tusiseme neno.