Pikapu ya Harusi na Chupa Mbili za Maji ya Betri

Sogeeni, na wabishi wakae mbele. Hadithi hii haisimuliwi ili watu walale. Inasimuliwa ili watu wabishane, na mkinyamaza nitajua hamkunisikiliza.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Magadini, kando ya ziwa la chumvi, mahali ambapo hata chai yenye sukari huacha ladha ya magadi ulimini. Hapo waliishi watu watatu wenye vipaji. Fundi Ntandu alikuwa na kipaji cha kujua: akiinamia gari bovu, aliutambua ugonjwa wake kabla mwenye gari hajamaliza salamu. Bi Sikudhani alikuwa na kipaji cha mvuke. Mvuke gani? Subirini. Na kinyozi Mpahi alikuwa na kipaji cha jua, kwa maana juu ya kibanda chake kulikuwa na paneli za sola kubwa kuliko zote kijijini, na ndiye aliyechaji simu na redio za Magadini nzima.

Wa nne hakuwa na kipaji, alikuwa na ahadi. Huyu ni Salome, mjane, ambaye wote humwita Mama Winfrida. Mumewe alimwachia pikapu kuukuu na binti mmoja, na siku ya mwisho alimshika mkono akasema, "Mwanangu aende kuolewa ndani ya gari langu." Salome akamjibu, "Itakuwa hivyo."

Basi ndoa ya Winfrida ikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, katika kanisa la misheni, mwendo wa saa mbili kwa gari. Padri alikuwa na ndoa tano siku hiyo, na alishaonya kwamba atakayechelewa atamsubiri mpaka arudi baada ya miezi mitatu. Alhamisi asubuhi Salome akaingia garini, akazungusha ufunguo. Gari likasema "tik", likanyamaza. Akafungua vifuniko vya betri, akachungulia. Ndani mlikuwa mkavu kabisa.

"Kumbe ni kiu tu!" akasema kwa furaha, akaenda kuteka kopo la maji kisimani.

Kopo lilikuwa limeshainama Fundi Ntandu alipotokea uani, mkali kama pilipili kichaa, akamdaka mkono.

"Mama Winfrida! Unataka kuua?"

"Fundi, ina kiu."

"Hata wewe ukiwa na kiu, nikupe mafuta ya taa? Birika lako la chai lina ukoko ndani au halina?"

"Linao."

"Sasa ukoko huo unautaka humu?" Akainama, akatazama kwa makini. "Vibao vya ndani ya betri bado vizima. Lakini ikionja kisima chetu, tafuta jembe uizike."

Wakaenda dukani. Muuzaji akatoa chupa moja. Fundi akaifungua, akainusa, akairudisha haraka. Akasema ile ni asidi, na asidi ya betri hii ilikuwamo bado. Kilichokauka ni maji matupu. Betri ilitaka maji ya betri, yasiyo na chumvi wala magadi. Hayo yalikuwa mjini, na basi la kutoka mjini lingefika Jumamosi mchana.

Salome akakaa kizingitini pa duka. "Nilimwahidi marehemu," akasema.

"Maji hayo ni mvuke uliopozwa, basi," akasema Fundi. "Tukimpata mtu anayejua kukamata mvuke..." Akakatiza hapo, kwa sababu mtu huyo kila mmoja alimjua, ila hakuna aliyethubutu kumtaja.

Ndiyo, jamani. Bi Sikudhani alikuwa amepika gongo, ile pombe haramu ya mvuke, miaka kumi na miwili. Kisha akaacha, akaapa mbele ya majirani kwamba hatapika tena, na tangu hapo wako waliokuwa wakingoja kwa hamu ateleze. Salome akamwendea mwenyewe.

"Dada yangu, nimekuja na aibu."

"Aibu yako au yangu?"

Salome akamweleza yote. Bi Sikudhani akasikiliza bila kupepesa jicho.

"Watasema nimerudia."

"Watasema," Salome akakubali. Hakutaka kumdanganya.

Bi Sikudhani akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Niliapa sitapika gongo," akasema. "Sikuapa sitapika maji."

Akalitoa pipa alilokuwa akipikia gongo, na bomba lake, nyuma ya nyumba, akavisugua, akavichemsha mpaka vikaisha harufu. Maji yaliyotangulia akayamwaga. Yaliyofuata akayakinga katika chupa za kioo, tone baada ya tone, kama Fundi alivyoagiza. Moshi ukapanda. Alasiri mtendaji wa kijiji akaingia uani na mgambo wawili, na nyuma yao nusu ya kijiji, na baadhi yao, Mungu awasamehe, wamebeba vikombe. Mtendaji akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena.

"Maji," akasema.

"Kama ulitaka chai ungesema," akajibu Bi Sikudhani.

Wenye vikombe wakarudi kwao kimya kimya. Jioni chupa mbili zilikuwa zimejaa.

Ijumaa asubuhi Fundi akaimiminia betri, vibao vikafunikwa, hakuzidisha hata tone. Lakini kiu ikiisha, njaa hubaki. Betri haikuwa na chaji ya kuwasha hata taa. Wakaibeba kwa Mpahi, wakakuta wanaume kumi na mmoja wamepanga foleni kunyolewa kwa ajili ya harusi, na kitini amekaa mjomba wa bwana harusi, ndevu zimenyolewa upande mmoja.

"Itanywa jua la kutwa nzima," akasema Fundi. "Mashine yako haitawaka."

Mpahi akaitazama foleni, akamtazama Salome. Akachomoa waya wa mashine.

"Mzee, samahani. Leo jua lina mwenyewe."

"Na shavu hili?" akafoka mjomba.

"Shavu hilo lizungumze na bibi harusi."

Mpahi hakukaa siku hiyo. Kila baada ya muda alipanda paani kufuta vumbi la magadi kwenye paneli, huku chini akitukanwa na wateja wake wote.

Jumamosi, jua linachomoza, Salome akazungusha ufunguo. Pikapu ikakohoa mara moja, ikanguruma! Salome akalia mbele za watu, wala hakujificha. Vigelegele vikapasua kijiji. Winfrida akaketi mbele, ndani ya gari la baba yake, na nyuma wanaume wenye ndevu wakaimba njia nzima. Saa nne kasorobo walikuwa mlangoni pa kanisa. Padri aliliona lile shavu la mjomba, akaamua kutouliza.

Sasa, katika nchi ile, gari likifanya jambo kubwa huandikwa jina kwenye paji lake, juu ya kioo cha mbele. Katikati ya karamu mchoraji akaja na kopo la rangi. Winfrida akasema, "Mama, liandikwe jina la aliyenifikisha."

"Basi niandikeni," akasema Fundi Ntandu. "Nisingeudaka mkono wenye kopo, maji ya Bi Sikudhani na jua la Mpahi mngemimina juu ya maiti."

"Kujua kiu si kunywesha," akasema Bi Sikudhani. "Wewe ulitoa maneno, mimi niliweka jina langu motoni."

"Jana mlikuwa na betri iliyoshiba maji, na ilikuwa jiwe," akasema Mpahi. "Na watu kumi na mmoja hawanisalimii."

Salome akawatazama mmoja mmoja, na wote watatu aliwapenda. Akamgeukia mchoraji. Mchoraji akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa: paji la pikapu lilikuwa jembamba, linabeba jina moja.

Asiniambie mtu hapa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa; hiyo naijua. Brashi imeshachovya, rangi inadondoka mchangani, na Mama Winfrida anakutazama wewe. Haya, amua: aandikwe nani?