Sekela na Zimwi Lisilokauka

Paukwa!

Pakawa!

Nani ameloa?

Hayumo!

Hayumo? Na wewe Bupe, mbona sketi yako inachuruzika? Usinitolee macho. Nenda kabadili, hadithi haikimbii, tunakungoja.

Haya. Sogeeni sasa. Ila msinimalizie kuni.

Hapo kale, juu ya mlima wenye baridi ya kukata masikio, aliishi mama mmoja jina lake Mama Lugano. Mdomo mkali, mikono haikai bure. Mwanawe Lugano alishuka nchi ya chini, kule kwenye joto kando ya ziwa, akaoa msichana anaitwa Sekela. Sekela akapanda mlima na mumewe, na nyuma yake wakafuatana bata saba, majike sita na dume moja, zawadi ya baba yake.

Watu wa mlimani hawakuwahi kufuga bata. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Bata kwenye baridi hii! Mwezi hauishi watakuwa wamekufa."

Sekela akainua kidevu. "Bata wangu hawafi," akasema.

Na kweli hawakufa. Aliwajengea banda nyuma ya nyumba, akawatandikia majani makavu ya mgomba, na kila asubuhi alitoa yaliyoloa akaweka mengine. Akawachimbia kidimbwi uani. Bata wakanenepa, wakataga. Sekela akatembea kifua mbele.

Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Pembeni mwa mlango, chini ya upenu, palikuwa na vigingi viwili ukutani. Kimoja cha Mama Lugano, kimoja cha Lugano. Hapo ndipo zilipotundikwa nguo za nje. Sekela hakuwa na kigingi. Nguo zake zilikaa kwenye kamba, kama za mgeni. Na mama mkwe wake alimwita hivyohivyo.

"Wewe mgeni, sikiliza. Ukitoka kwa bata, nguo unavulia hapa upenuni. Unajifuta, unavaa kavu. Miguu mikavu, mgongo mkavu, kichwa kikavu. Ndipo unaingia."

"Mama, kwetu nguo inakaukia mwilini. Unatembea tu, hata hujafika nyumbani imeshakauka."

"Kwenu kwenu! Kwenu kuna jua. Hapa kuna Zimwi."

Zimwi! Sekela akageuka akacheka pembeni. Alijua mambo ya mama wakwe. Hili ni Zimwi la kutishia wake wa watu, akasema moyoni, ili wasichafue sakafu.

Basi kipupwe kikaingia. Manyunyu asubuhi, manyunyu mchana, manyunyu jioni. Lugano alikuwa amesafiri, amekwenda kusaidia kujenga nyumba ya mjomba wake.

Siku moja, jua likielekea kuzama, Sekela alitoka kuwafungia bata. Dume likakataa kuingia bandani. Akalizungusha uani mara moja, mara mbili, mara ya tatu akateleza, puu! Akakaa kitako kidimbwini. Aliporudi nyumbani kanga ilikuwa inatiririka. Akakitazama kigingi cha mama mkwe, akaitazama ile kamba yake. Akachoka. Akaingia vilevile, akachutama mbele ya moto. Kanga ikaanza kutoa mvuke, mvuke ukapita juu ya ukuta, ukatoka nje.

Mama Lugano akatoka chumbani. "Mgeni! Umeingia na nguo mbichi?"

"Itakauka sasa hivi, Mama."

Hajamaliza kusema, nje kukawa kimya. Hata bata wakanyamaza. Ukungu mzito ukaja ukaegemea mlango, na ndani ya ukungu ikasikika sauti nene, yenye mafua.

"Nasikia harufu ya maji. Nani ameloa humo?"

Mama Lugano akajibu, "Hayumo. Humu wote wakavu."

"Nasikia harufu ya nguo mbichi. Nani ameloa humo?"

"Hayumo. Humu wote wakavu."

"Nasikia harufu ya nywele zilizoloa. Nani ameloa humo? Nikihesabu tatu naezua paa!"

Sekela akatetemeka. Safari hii hakucheka. Akaelewa kwamba anakuja kuchukuliwa yeye.

Mama Lugano akamvuta Sekela, akamvua ile kanga mbichi, akamfuta miguu, akamfuta mgongo, akamfuta kichwa. Akamvika kitenge chake kikavu. Kisha ile kanga iliyoloa akajifunga yeye mwenyewe.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Bandani majani hujabadili."

Akafungua mlango. Ukungu ukamzoa.

Bupe anauliza kwa nini hakuitupa kanga nje. Swali zuri, kaa chini. Zimwi lile halili kanga, linakula mtu. Likishasikia harufu haliondoki mikono mitupu. Watu wakavu wanalikwama kooni, ndiyo maana linatafuta walioloa. Linawaweka pangoni nyuma ya maporomoko ya maji, wanarowa, wanalainika kama maharage, siku ya tatu linawala.

Na hivyo ndivyo lilivyotangaza likiondoka: "Kesho kutwa nakula!"

Sekela akabaki amesimama mlangoni. Nitamwambia nini Lugano? Kwamba mama yako ameliwa kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kubadili nguo? Akalia. Akalia kweli, kwa sauti, maana yule mama mwenye mdomo mkali, aliyemwita mgeni, alikuwa amekwenda kufa badala yake.

Asubuhi majirani wakaja. "Usiende," wakasema. "Kufika kule lazima upite katikati ya maporomoko. Ukipita umeloa, ukiloa umeliwa."

Sekela akaenda kukaa karibu na bata. Manyunyu yalikuwa yanawapiga, na maji yanateleza mgongoni mwao, tone kwa tone, manyoya hayaloi. Dume likapeleka mdomo mkiani, likadonoa kitu, likajipaka kifuani. Likarudi mkiani, likajipaka mbawa. Sekela alikuwa akiwaona bata wakifanya hivyo tangu utotoni, akidhani wanajipamba tu. Akalishika dume, akagusa pale mkiani. Mafuta!

"Alaa!" akasema. "Kumbe mnajipaka kabla ya kuloa, hamngoji kukauka!"

Akasimama, akakung'uta kitenge. Machozi yakaisha palepale. Kazi ikaanza.

Miguu akaipaka mafuta ya nyonyo, mpaka magotini, mpaka ikang'aa. Akachukua shuka zito, akalipaka nta ya nyuki akalisugua mchana kutwa. Hilo la mgongoni. Akachukua ungo, akaupaka nta pia. Huo wa kichwani. Chini ya shuka akafunga furushi la nguo kavu, blanketi na vijiti vya mwanzi mkavu, na kifuani akakumbatia chungu chenye makaa ya moto yaliyofunikwa majivu. Joto likamwingia mpaka tumboni.

Siku ya tatu asubuhi akaondoka. Bata wakamwona, wakatoka, wakafuatana nyuma yake, saba. Akawafukuza. Wakakataa.

"Haya twendeni," akasema. "Nyie ndio wenyewe."

Basi akapanda, akapanda, akapanda, mpaka maporomoko. Maji yalikuwa yanaanguka kwa kishindo. Majirani waliomsindikiza wakaishia hapo, wakageuka. Sekela akainamisha ungo, akabana shuka, akapita. Maji yakampiga, yakateleza, yakaondoka zake. Na bata wakapita.

Pangoni, juu ya jiwe linalotiririka, alikuwa amekaa Mama Lugano, midomo imekufa ganzi kwa baridi, meno yanagongana.

"We-wewe," akasema. "Banda umefunga?"

"Bata wenyewe hawa hapa, Mama."

"Ma-majani je?"

"Nimebadili, Mama."

Ndipo Zimwi likainuka. Kubwa kama nyumba, jeupe kama maziwa, maji yanalitoka puani, yanalitoka kidevuni, yanalitoka vidoleni. Likapiga chafya, haaachaa! Pango zima likanyunyiziwa.

"Mwingine amejileta! Miguu yako ikoje?"

"Mikavu."

Zimwi likashika mguu. Mkono ukateleza, chwii!

"Mgongo wako ukoje?"

"Mkavu."

Likashika mgongo. Mkono ukateleza, chwii!

"Kichwa chako kikoje?"

"Kikavu. Na nina haraka, shangazi zangu hawa hawajala."

Shangazi wenyewe ni bata. Zimwi likashika ungo, mkono ukateleza, likakaa chini likajikuna. Tangu lizaliwe halijaona mtu wa namna hii.

Sekela hakulingoja lifikiri. Akafungua furushi, akamvua Mama Lugano ile kanga, akamfuta miguu, akamfuta mgongo, akamfuta kichwa, akamvika nguo kavu na blanketi juu. Zimwi likanyoosha mkono. Mkono ukateleza, chwii!

"Mnaniibia chakula changu!" likapiga kelele, na likaenda likasimama kwenye mlango wa pango, likauziba wote.

Hapo Sekela akatazama huku na huku. Mbele Zimwi, nyuma jiwe, na ukavu wao hauwezi kudumu mle ndani. Akafikiri haraka. Akachutama, akafukua makaa, akaweka vijiti vya mwanzi, akapuliza. Moto ukawaka.

"Ni nini hicho?" likauliza Zimwi.

"Moto. Hujawahi kuota moto?"

"Sijawahi." Sauti ikashuka. "Mimi sijawahi kukauka hata siku moja."

Wallahi, Sekela akalionea huruma. Alikumbuka alivyotetemeka yeye kwa jioni moja tu. Lakini akamtazama mama mkwe wake, akajikaza.

"Basi sogea," akasema. "Moto hauna ubaguzi."

Zimwi likasogea, likanyoosha mikono. Likaanza kutoa mvuke.

"Raha!" likasema. Likawa dogo kama ng'ombe.

"Sogea tena."

"Raha!" Likawa dogo kama mbuzi.

"Sogea kabisa, usiogope."

"Raha jamani, raha..." Likawa kidimbwi kidogo tu juu ya jiwe, kiasi cha kujaza kiganja. Na kile kidimbwi kikapiga chafya.

Kabla Sekela hajasema neno, dume la bata likaja likitikisa mkia, likatia mdomo. Glu, glu, glu. Likainua shingo, likameza. Zimwi kwisha.

Dume likataka kulia, sauti haikutoka. Ikatoka hewa tu, hhhaaa, hhhaaa, kama mtu mwenye mafua. Mpaka leo dume la bata linaongea hivyo. Nendeni kesho mkalisikilize lile letu.

Basi wakateremka. Kwenye maporomoko Sekela alimfunika mama mkwe wake kwa lile shuka, yeye akabaki na ungo, wakapita wamekumbatiana. Njia nzima Mama Lugano alitangulia mbele. Hata kugomba hakugomba. Sekela akaanza kuogopa, akidhani mama amekasirika na ana haki.

"Mama, nisamehe," akasema. "Uliniambia, nikakucheka."

Mama Lugano akazidi kutembea.

Walipofika nyumbani, kabla ya kuingia, Mama Lugano akaokota kipande cha mwanzi, akakichonga ncha kwa panga. Akaokota jiwe. Akakigongomea ukutani chini ya upenu, baina ya kile chake na kile cha Lugano, ko, ko, ko. Akakivuta kuona kama kimekaza.

"Tundika nguo yako hapo," akasema, "mwanangu."

Sekela akatundika. Akarudi hatua moja nyuma, akavitazama vigingi vitatu.

Jioni ile wamekaa wanaota moto, uji jikoni, mlango ukasukumwa. Lugano huyo! Amerudi kutoka kwa mjomba wake, ameloa kama samaki, anacheka, mguu mmoja ameshaweka ndani.

"Mama! Mke wangu! Nimewakumbuka sana, hebu nisogee motoni..."

Wanawake wawili wakainuka kwa pamoja.

"Rudi upenuni!"

"Miguu?" akauliza Sekela.

"Mgongo?" akauliza mama yake.

"Kichwa?" wakauliza wote wawili.

Lugano akarudi nyuma, akaanza kuvua, akijiuliza ni lini hawa wawili walipatana.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Anayeitaka aianike, anayeichoka aikunje.

Na mafunzo yake ni haya: ukifika mahali pageni, sikiliza wanaoijua baridi ya pale, na ukiloa badili nguo mapema, maana uvivu wako unaweza kumgharimu anayekupenda, hata kama hajawahi kukwambia.

Sasa nani alifungia bata? Bupe? Nenda basi, na uvae koti. Ukirudi, nguo unavulia wapi?

Upenuni!